Kazi Geneva, Nyumba Ufaransa: Majibu ya Maswali Yenu

Tangu tuguse suala la pango la nyumba Geneva, barua zimekuwa zikiuliza jambo moja kwa njia nyingi: je, nihamie ng'ambo ya mpaka niendelee na kazi yangu Uswisi? Jimbo la Geneva peke yake lina zaidi ya watu 100,000 wanaofanya hivyo, kwa hiyo si jambo la ajabu. Ila wengi wenu mnaanza na bei ya nyumba, na sisi tunaona bei ya nyumba ndiyo ya kuangalia mwisho. Kwanza jua nani atakukata kodi, nani atakulipia hospitali, na kama karatasi zako zinakuruhusu kuhama.

SWALI: Ndugu wahariri, pango linameza karibu nusu ya mshahara wangu. Mwenzangu kazini kahamia Annemasse, mji wa Ufaransa mpakani, anasema analipa faranga 700 pungufu kila mwezi na nyumba ni kubwa kuliko ya kwanza. Niharakishe?

JIBU: Usiharakishe, ndugu yetu. Chukua karatasi na kalamu. Faranga 700 kwa mwezi ni 8,400 kwa mwaka, lakini si zote zinabaki mfukoni. Toa tiketi ya mwezi, au petroli na maegesho, au lile gari la pili ambalo familia haikulihitaji mjini. Tuseme gharama hizo ni 2,400 kwa mwaka. Zimebaki 6,000.

Sasa hesabu muda. Kama safari inaongezeka dakika 40 kila upande, hizo ni dakika 80 kwa siku. Kwa siku 220 za kazi unapata saa 293 kwa mwaka. Gawanya 6,000 kwa 293: unalipwa faranga 20 na senti kadhaa kwa kila saa unayokaa njiani. Kima cha chini cha mshahara Geneva kilipoanza Novemba 2020 kilikuwa faranga 23 kwa saa, na kimepanda tangu hapo. Maana yake unaziuza saa zako kwa bei ambayo mwajiri wako haruhusiwi kukulipa.

Hesabu hiyohiyo hubadilika kabisa ukikaa karibu na reli. Treni za Léman Express zilianza tarehe 15 Desemba 2019, na kutoka Annemasse hadi Cornavin, kituo kikuu cha treni Geneva, ni dakika ishirini na kitu. Tramu namba 17 inaingia Annemasse yenyewe. Namba 12 inaishia Moillesulaz, mpakani kabisa; unashuka, unavuka kwa miguu, uko Gaillard, Ufaransa. Nyumba ya kilomita tatu kutoka kituoni na nyumba ya dakika tano kwa miguu si bidhaa moja, hata kama tangazo linaandika "karibu na Geneva" kwa zote mbili. Wanaopita kituo cha mpakani cha Bardonnex kwa gari kila asubuhi wanaijua foleni yake.

Kwa hiyo jaribu safari kabla hujasaini. Nenda Jumanne au Alhamisi, saa yako halisi ya kazi, kuanzia mlango wa nyumba unayoitaka hadi mlango wa ofisi, kisha urudi jioni. Jumapili mchana haikuambii kitu. Uliza pia utafanya nini siku madereva wa treni upande wa Ufaransa wakigoma, maana ofisi yako Geneva itakuwa haijagoma.

Mambo mawili ya mkataba. Mwenye nyumba Ufaransa kwa kawaida hutaka kipato kinachofikia mara tatu ya pango, na aliye kwenye miezi ya majaribio kazini hukataliwa mara nyingi. Subiri majaribio yaishe. Amana haizidi pango la mwezi mmoja kwa nyumba isiyo na samani, na miezi miwili kwa yenye samani, ukiacha gharama za huduma. Upande wa Geneva, usitoe notisi kabla ya kusaini ng'ambo. Na ukitaka kutoka kabla ya tarehe ya mkataba, sheria inakuruhusu kumletea mwenye nyumba mpangaji mwingine mwenye uwezo wa kulipa na aliye tayari kuchukua mkataba kwa masharti yaleyale. Usipomleta, pango linaendelea kukuhesabia, na miezi mitatu ya kulipa nyumba mbili inafuta akiba ya nusu mwaka.

SWALI: Mimi ni Mtanzania, nina kibali B, yaani kibali cha ukaazi cha Uswisi, na ajira ya kudumu. Naweza kuhamia Ferney-Voltaire, Ufaransa, na kubadilisha kibali changu kuwa G?

JIBU: Hapa tutakukatisha tamaa mapema, dada, kuliko uje kukatishwa tamaa na barua ya serikali. Kwa kanuni za kawaida, hapana.

Kibali G, yaani kibali cha mfanyakazi wa kuvuka mpaka, ni chepesi kwa raia wa nchi za Umoja wa Ulaya. Akiwa na mkataba wa kazi wa zaidi ya mwaka, anapewa cha miaka 5, na sharti kubwa ni arudi nyumbani kwake angalau mara moja kwa wiki. Raia wa nchi nyingine, Tanzania ikiwemo, hupimwa kwa kipimo kingine. Ni lazima awe na haki ya ukaazi wa kudumu katika nchi jirani na Uswisi, awe ameishi katika ukanda wa mpakani kwa miezi 6 au zaidi, na kazi yenyewe iwe katika ukanda wa mpakani upande wa Uswisi. Huna ukaazi wa kudumu Ufaransa, kwa hiyo mlango wa kwanza tu umefungwa.

Kibali B kinakuruhusu kutembelea Ufaransa, siku 90 ndani ya kila siku 180. Hakikuruhusu kuishi huko. Na msije mkashawishiana kwamba mtu ahame kimyakimya: kibali B hufa siku unapoaga rasmi Uswisi, na usipoaga hufa chenyewe ukikaa nje miezi 6. Hapo utakuwa huna kibali upande wowote wa mpaka.

Wenye kadi za utambulisho za mashirika ya kimataifa ya Geneva wako kwenye utaratibu wao. Ufaransa hutoa kwao hati maalumu ya ukaazi, na pa kuanzia ni ofisi ya utumishi ya shirika lenyewe.

SWALI: Mimi na mume wangu ni raia wa Ufaransa wenye asili ya Komoro. Nafanya kazi Geneva, yeye ni mwalimu Annemasse. Mwajiri wangu ananiruhusu kufanya kazi nyumbani siku mbili kwa wiki na sasa anasema hata tatu. Kodi yangu inakwenda wapi?

JIBU: Swali zuri, na hiyo siku ya tatu ndiyo yenye mtego.

Anayeishi Ufaransa na kufanya kazi Geneva hukatwa kodi ya mapato juu kwa juu kwenye mshahara, Geneva. Chini ya makubaliano ya mwaka 1973, Geneva nayo hurudisha asilimia 3.5 ya jumla ya mishahara hiyo kwa wilaya za Ufaransa za Ain na Haute-Savoie. Majimbo mengine manane, likiwemo Vaud jirani yenu, yanafuata makubaliano ya 1983 na huko mambo yamegeuzwa: kodi unalipa Ufaransa, na Ufaransa hurudisha asilimia 4.5 Uswisi. Hivyo rafiki yako anayefanya kazi Nyon, huko Vaud, akikuambia "mimi silipi kodi Uswisi," anasema kweli, na wewe wa Geneva usimuige.

Kufanya kazi nyumbani kuna mistari miwili tofauti, na watu huichanganya kila siku. Wa kwanza ni wa kodi: asilimia 40 ya muda wako wa kazi kwa mwaka. Ukiwa ndani ya mstari huo, kodi inabaki Geneva kana kwamba ulikuwa ofisini. Kwa kazi ya siku tano, siku mbili kila wiki ndiyo asilimia 40 kamili. Siku ya tatu inakupeleka 60, na mshahara wa siku unazofanyia kazi nyumbani unaanza kutozwa kodi Ufaransa.

Mstari wa pili ni wa hifadhi ya jamii: chini ya asilimia 50. Huu ulikuja na makubaliano ya nchi kadhaa yaliyoanza tarehe 1 Julai 2023, ambayo Uswisi na Ufaransa zimesaini. Mwajiri huomba cheti cha A1 kuthibitisha kuwa unabaki kwenye mfumo wa Uswisi. Ukifika nusu au zaidi, michango yote, si ya siku za nyumbani tu, inahamia Ufaransa, na mwajiri wako analazimika kujisajili huko na kulipa viwango vya huko. Waajiri wengi hugundua hilo baada ya kutoa ruhusa. Mwonyeshe mwajiri wako aya hii kabla hajasaini hiyo siku ya tatu.

Tahadhari kwa wanaofanya kibarua cha pili upande wa Ufaransa: nafuu hiyo ya asilimia 50 haiwahusu. Kwao inatumika kanuni ya zamani, kwamba kazi ikifika asilimia 25 katika nchi unayoishi, hifadhi ya jamii yote inahamia huko. Kibarua cha siku moja na nusu kwa wiki kinaweza kuhamishia Ufaransa pensheni na bima ya kazi yako kubwa.

Bado Ufaransa inataka kuona mapato yako. Kila masika jaza fomu 2047 ya mapato ya nje, kisha 2042 ya mapato yote. Mshahara wa Geneva utapewa punguzo linalolingana na kodi ya Ufaransa juu yake, kwa hiyo hulipi mara mbili, lakini unahesabika katika kupata kiwango kitakachotozwa mshahara wa mumeo. Msishangae akipanda daraja. Na akaunti yako ya benki Uswisi itaje kwenye fomu 3916, kila akaunti, kila mwaka, hata kama ina faranga tano. Faini ya kuisahau ni yuro 1,500 kwa akaunti moja kwa mwaka mmoja. Hilo ndilo kosa ghali kuliko yote tunayoulizwa, na ndilo rahisi kuliko yote kuliepuka.

Mwisho kuhusu kodi: mtu ambaye asilimia 90 au zaidi ya mapato ya kaya yake inatozwa Uswisi anaweza kuomba akadiriwe kama mkazi, apate kutoa gharama zake halisi kwenye mapato yanayotozwa. Maombi hupelekwa kabla ya tarehe 31 Machi ya mwaka unaofuata na ukishaomba huwezi kurudi nyuma, hata kodi ikipanda. Kwenu, mshahara wa mwalimu huenda utawatoa kwenye asilimia 90, kwa hiyo fanyeni hesabu kabla ya kumlipa mshauri.

SWALI: Nimeanza kazi Geneva mwezi uliopita, naishi Gex, Ufaransa, mke hana kazi, watoto watatu. Nichukue bima ya Uswisi au ya Ufaransa?

JIBU: Kaka, umebaki na muda mfupi. Una miezi 3 tangu kuanza kazi kuchagua, na uchaguzi haubadilishwi kwa kupenda. Hufunguka tena hali yako ikibadilika, kwa mfano ukianza upya kazi Uswisi baada ya kukosa kazi. Usipochagua, Uswisi itakuandikisha kwake.

Bima ya Uswisi, LAMal, hulipwa kwa kichwa. Bei haiangalii mshahara, na mke asiye na kazi na watoto kila mmoja ana ada yake. Mfumo wa Ufaransa kwa wavuka mpaka hutoza asilimia 8 ya mapato baada ya punguzo, na familia inaingia ndani yake bila ada ya ziada. Kwa baba wa watoto watatu na mshahara wa kawaida, ya Ufaransa mara nyingi ndiyo nafuu. Kwa kijana asiye na familia na mshahara mnono, mambo hugeuka.

Lakini bei si yote. Mwenye LAMal anatibiwa pande zote mbili: anaomba hati ya S1 kwa bima yake, anaipeleka CPAM, ofisi ya bima ya afya ya Ufaransa, na kuanzia hapo daktari wa Gex na daktari wa Geneva wote wako wazi. Mwenye bima ya Ufaransa akitaka matibabu ya kupangwa Geneva anahitaji idhini kwanza; bila idhini, kinachomsaidia ni dharura tu. Kama mmoja wenu ana ugonjwa unaofuatiliwa na daktari wa Geneva, hilo ni zito kuliko ada.

Ajali ni jambo jingine. Mwajiri wa Uswisi anakukatia bima ya ajali, na ukifanya kazi kwake saa 8 au zaidi kwa wiki, inakulinda hata nje ya kazi.

SWALI: Rafiki yangu amekubali nitumie anwani yake Geneva ili nisibadilishe chochote, huku nikilala Thoiry, Ufaransa. Wengi wanafanya. Kuna ubaya gani?

JIBU: Ubaya ni kwamba kuna watu wanaolipwa kukutafuta. Kumbuka ile asilimia 3.5 ya mishahara ambayo Geneva huirudisha Ufaransa: fedha hizo hugawanywa kwa kuangalia wavuka mpaka waliosajiliwa. Kila anayelala Thoiry na kujiandikisha Geneva anainyima halmashauri sehemu yake, huku akitumia barabara na shule zake. Halmashauri zina sababu ya kuchunguza, na bili ya umeme, shule ya mtoto na gari linalolala uwanjani kila usiku vinasema zaidi ya anwani. Siku nyumba ikiungua au mtu akiugua, bima nayo itauliza ulikuwa unaishi wapi. Hatukushauri.

SWALI: Nahama mwezi ujao na samani zangu zote, pamoja na gari lenye namba za Geneva. Forodha watanisumbua?

JIBU: Uswisi iko ndani ya Schengen tangu Desemba 2008, lakini haimo katika umoja wa forodha wa Ulaya. Pasi hazikaguliwi sana. Mizigo ndiyo inayokaguliwa. Andika orodha ya kila kitu na thamani yake, uitie saini. Msamaha wa ushuru unahusu vitu ulivyokuwa navyo na kuvitumia kwa miezi 6 au zaidi, mradi umeishi nje ya Umoja wa Ulaya miezi 12 mfululizo, na uviingize ndani ya miezi 12 tangu uhamie. Sofa uliyonunua wiki jana ili "ufaidi kabla ya kuhama" haimo. Vilivyosamehewa usiviuze wala kuviazimisha kwa miezi 12.

Gari nalo huingia kwenye msamaha kama ni lako. Kama bado ni mali ya kampuni iliyokukopesha, zungumza nao kwanza. Wakati wa kuvuka omba forodha cheti cha 846 A; bila hicho gari halisajiliwi Ufaransa, na una mwezi mmoja tu wa kulisajili. Wengi huvuka usiku, mpaka ukiwa hauna mtu, kisha wanarudi wiki ya pili kutafuta cheti hicho. Pita mchana, kwenye kituo chenye ofisa.

Usiazime gari lenye namba za Uswisi ukishakuwa mkazi wa Ufaransa. La kampuni linaruhusiwa kwa kwenda na kurudi kazini na kwa kazi zilizoandikwa kwenye mkataba wako. Kulipeleka ufukweni Jumamosi ni kosa la forodha, na gari linaweza kukamatwa.

SWALI: Vipi Basel? Napanga kuhamia Weil am Rhein, Ujerumani.

JIBU: Tramu namba 8 inakufikisha huko tangu Desemba 2014, hivyo safari haina tatizo. Kodi ndiyo nyingine kabisa. Uswisi itakukata isiyozidi asilimia 4.5, na Ujerumani itatoza iliyobaki. Ofisi ya kodi ya Ujerumani inakupa fomu Gre-1 inayothibitisha unaishi huko, unampa mwajiri. Bila hiyo atakukata kodi kamili. Ukilala nje ya nyumbani kwa sababu za kazi zaidi ya usiku 60 kwa mwaka, hadhi hiyo inapotea.

Kinachowaumiza watu ni mwaka wa kwanza. Mshahara unaingia karibu wote, wanauzoea, wananunua gari. Kisha Ujerumani inadai ya mwaka uliopita na kuanza malipo ya awali tarehe 10 Machi, 10 Juni, 10 Septemba na 10 Desemba, yote kwa pamoja. Fungua akaunti ya pembeni tangu mshahara wa kwanza na uiwekee kodi kila mwezi.

SWALI: Napokea faranga, nalipa pango kwa yuro. Na simu yangu je?

JIBU: Pango lako linapanda na kushuka bila mwenye nyumba kusema neno. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha kuilinda bei ya faranga 1.20 kwa yuro, faranga ikapanda, na wavuka mpaka wakaamka matajiri kidogo. Ikigeuka upande wa pili, akiba yako inayeyuka. Simu: utaratibu wa Ulaya wa kutotoza zaidi ukiwa nchi nyingine hauilazimishi Uswisi. Soma mkataba, na karibu na mpaka chagua mtandao mwenyewe, kwa sababu simu hushika mnara wa ng'ambo ukiwa sebuleni.

SWALI: Nikipoteza kazi Geneva nitalipwa na nani?

JIBU: Na nchi unayoishi. Ukikosa kazi kabisa, mchango uliokatwa Uswisi miaka yote unakupeleka France Travail, shirika la ajira la Ufaransa, ambao watakulipa kwa kanuni za Ufaransa wakiangalia mshahara wako wa Uswisi. Mfuko wa Uswisi unakupa hati ya U1 inayothibitisha vipindi ulivyochangia. Iombe wiki unayopewa notisi, kwa sababu bila hiyo faili halisogei. Ukipunguziwa saa tu huku mkataba ukiendelea, hapo Uswisi ndiyo inayolipa. Na kama ulikopa nyumba kwa faranga, mwambie mtu wa benki siku ileile: posho itaingia kwa yuro, na deni limebaki kwenye faranga.